Sinema Mbili za Mlango

Watu wakiniuliza ipi ni bora, ile sinema fupi au ile ndefu, huwaambia waketi kwanza, maana jibu langu ni refu na mimi sipendi kukatizwa. Nimezitazama zote mbili. Ile fupi niliiona Kibera nikiwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa ya dakika ishirini tu, nyeusi na nyeupe, imejaa mikwaruzo, na haikuwa na neno hata moja. Ile ndefu niliiona nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu mjini. Hiyo ina rangi, ina maneno, ina hata muziki wa kukuambia sasa lia, sasa nyamaza, na inachukua karibu saa mbili. Hadithi ni ileile: mwanamke amebeba mlango mgongoni, anavuka nao milima. Na bado si ileile hata kidogo.

Lakini kabla ya mlango wa sinema kulikuwa na mlango wetu, na bila huo hutanielewa.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa sabini, ukikodi chumba cha bei ya chini Kawangware ulikuwa unakodi kuta na paa. Mlango ulikuwa shauri yako. Ukihamia unakuja nao, ukihama unauchukua, na hakuna aliyeona ajabu. Mama yangu na mdogo wake walikuwa wametoka kwetu Magharibi wakapanga chumba kimoja Gatina, na mimi katikati yao. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za matajiri Lavington. Mama mdogo alikuwa akiwapikia mafundi wa mjengo githeri, mahindi na maharagwe. Mlango aliutengenezesha mama, kwa fundi aliyemsumbua mwezi mzima, wa mbao nzito, akaupaka rangi ya kijani. Aliupenda mlango ule, wacha tu. Kila Jumamosi alikuwa anauosha kwa sabuni kama mtoto anayepelekwa kanisani.

Halafu wakagombana. Ugomvi ulianzia kwenye mafuta ya taa, nani ameyamaliza. Hivyo ndivyo ndugu wanavyogombana, kwa kitu ambacho kesho hakuna atakayekikumbuka. Maneno yakapanda, yakapanda, mpaka mama mdogo akasema lile ambalo halikufaa kusemwa.

"Ndiyo maana bwana yako alikurudisha. Debe likivuja, hata mwenyewe hulitupa."

Mama hakujibu. Wewe humjui mama yangu. Akijibu, mambo yataisha, lakini akinyamaza, ogopa. Asubuhi aliazima bisibisi kwa jirani, akaita mtu wa mkokoteni, akapakia kitanda, jiko, sufuria mbili na mimi. Kisha akarudi, akafungua bawaba moja moja, akaupakia mlango. Mama mdogo alikuwa amesimama hapo, na tumbo lake la miezi sita, anatazama. Nilipogeuka kumwangalia tukiwa tunaondoka, alikuwa katika lile tundu la mlango, mikono imeshika kuta huku na huku.

Tulihamia Kibera, upande wa Makina, kwa mama mmoja Mnubi aliyekuwa na vyumba vya kupangisha. Na hapa ndipo aibu inapoanza, kwa sababu chumba chetu kipya kilikuwa na mlango wake tayari, mzuri, na komeo. Ule wa kijani haukuwa na kazi. Tuliuegemeza nje ukutani. Mvua ikinyesha tunauingiza, tunalala nao kama mgeni wa tatu, maana tulikuwa wawili. Jua likiwaka tunaulaza juu ya matofali na kuanikia kunde. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, hawakumwacha mama apumue. "Jirani yetu ana milango miwili," walikuwa wakisema, "mmoja wa kuingilia na mmoja wa kununia." Mama hakucheka. Habari zilipotufikia kwamba mdogo wake ametundika gunia pale mlangoni, alisema, "Litamfaa." Tuliposikia amejifungua, aliendelea kuanika kunde zake. Hakwenda kumwona mtoto. Nakuambia ukweli, nilimchukia mama yangu miezi ile, nikamchukia na ule mlango.

Sasa, yule mama mwenye nyumba alikuwa na kaka yake, mzee mwenye kofia safi na sauti ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anaenda kufanya. Kazi yake ilikuwa ukalimani wa sinema. Kulikuwa na gari lililokuwa likizunguka mitaa likionyesha picha: jinsi ya kunawa mikono, jinsi ya kuchemsha maji, sabuni fulani, majani chai fulani, na mwisho kabisa hadithi moja ya kutufurahisha kwa kuvumilia yale mengine. Mzee alikuwa akiketi karibu na mashine na maikrofoni yake, anatueleza. Picha ya Wazungu, ya Wahindi, ya Wachina, yote aliifasiri bila kusita. Ukimwuliza lugha hizo alizijua vipi, alikujibu, "Baba yangu alikuwa askari," kana kwamba hilo limemaliza swali. Watu walimpenda. Wengine walisema picha bila yeye ni chai bila sukari.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi alasiri. Tulijazana kwenye holi la mtaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto la kukaangwa. Mama alikuja kwa sababu ilikuwa bure na alikuwa amechoka kukaa ndani na mimi niliyenuna. Tuliketi benchi la tatu. Tukanawa mikono, tukachemsha maji, tukasifu sabuni. Kisha ikaanza hadithi.

Mwanamke anatembea. Mlango uko mgongoni tayari, umefungwa kwa kamba. Hatuonyeshwi ametoka wapi. Mlima mbele yake, jiwe, jiwe, jiwe. Holi nzima ikaguna, na nikasikia mtu nyuma anasema, "Haya basi, jirani ameingia kwenye sinema." Kicheko. Mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee akakohoa kwenye maikrofoni. "Mnamwona huyu mama?" akasema. "Huyu alikosana na dada yake. Akaondoka kwa hasira. Na alipoondoka, akang'oa mlango."

Kicheko kikakatika. Watu wa ploti yetu walikuwa wanajua, na wasiojua waliambiwa papo hapo kwa kunong'onezwa. Mama alikuwa anatazama mbele tu.

Mvua ikanyesha kwenye picha. Yule mwanamke akautua mlango, akauegemeza kwenye jiwe, akajikunyata chini yake. "Yeye ameshapata pa kujikinga," mzee akasema. "Huko alikoutoa, mvua inaingilia wapi?" Hakungoja jibu. Mwanamke akafika kwenye kijito, akaulaza mlango, akavuka juu yake kama daraja. Akafika kwenye uwanja mpana usio na kitu, majani tu na upepo. Hapo alifanya kitu ambacho sijakisahau. Aliusimamisha mlango katikati ya ule uwanja mtupu, akajipangusa vumbi, akagonga. Mtu mmoja kwenye holi akapiga kelele, "Hodi!" na holi nzima ikaitikia, "Karibuuu!" Mwanamke akafungua, akapita, akageuka, akaufunga kwa adabu. Tulicheka mpaka benchi letu likatikisika. Hata mama alicheka, nilimsikia.

Mwisho akafika kwenye nyumba. Tundu jeusi, hakuna mlango. Akatokea mtu ndani, hatukuona uso, mikono tu. Mikono ile ikashika mlango upande wa pili. Wakauinua pamoja, wakaupachika, mlango ukafungwa, picha ikaisha. Kwa kipande hicho chote mzee alikuwa ameiweka maikrofoni chini.

Tulirudi nyumbani. Mama alitoa kunde zote juu ya mlango, akauosha. Asubuhi, Jumapili, tulipomaliza chai, alikunja leso akatengeneza kata, akaiweka kichwani.

"Nisaidie kunyanyua," akaniambia.

"Mama, si tuite mkokoteni?"

"Yule wa jana alikuwa na mkokoteni?"

"Yule alibeba mgongoni."

"Mgongo wangu nimeumaliza kwa kufua. Kichwa bado kizima. Nyanyua."

Basi tukatoka. Mimi nimebeba bisibisi, bawaba na misumari ya skrubu kwenye karatasi; yeye ana mlango mzima kichwani, umelala kama meza. Kwenye vichochoro vya Makina tulikwenda kwa kukata kona mara tatu tatu, watu wanainama, kuku wanakimbia. Tulipotokea Barabara ya Ngong upepo ulitaka kumgeuza. Watu walikuwa wanakwenda makanisani, wamevaa vizuri, na kila mmoja alikuwa na la kusema. "Mama, nyumba umeiacha wapi?" "Mama, ukichoka si ufungue uingie?" Mama alikuwa anajibu wote, tena kwa matusi madogo ya kufaa Jumapili. Tulipumzika Dagoretti Corner. Tukashika Barabara ya Naivasha. Nilikuwa nimemchukia kwa miezi minane, na pale barabarani, nikitazama shingo yake inavyotetemeka, nikaacha.

Kwenye soko la Kawangware aliniambia tuutue. Tulikuwa tumekaribia kabisa, hata dakika kumi hazikubaki. Aliulaza mlango kwenye majani kando ya vibanda, akauketia, akaomba maji kwa mama mmoja muuza nyanya aliyetufahamu tangu zamani. Akanywa. Akajifunga leso upya. Akaifungua. Akaifunga tena. Tulikaa hapo karibu saa nzima.

"Turudi," akasema.

"Turudi na nini? Na mlango?"

"Nitamwambia nini, mimi? Nimwambie nimeona sinema?"

Kweli nilimwona mama yangu anaogopa, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nikamwambia jambo la kijinga lililonijia, kwamba yule wa kwenye picha pia hakusema kitu. Mama akanitazama, akavuta pumzi, akainuka.

Tulipofika, gunia lilikuwa linaning'inia pale pale tuliposikia. Mama mdogo alikuwa amesimama mbele yake, mtoto mgongoni. Walitazamana. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kilio au kwa ngumi.

"Sogea nipime," mama akasema.

"Bisibisi unayo?"

"Anayo huyu."

Mama mdogo akashika upande wa pili. Wakaupachika, wakibishana juu ya bawaba ya chini, kwamba imeinama, kwamba haijainama, wewe ndiye hujui kushika. Walipomaliza mama akamchukua mtoto, akaingia naye ndani, na hapo ndipo akalia. Tulikula ugali na kunde. Tulirudi Kibera jioni mikono mitupu, na mama aliimba njia nzima nyimbo za kanisa, vibaya.

Tangu siku hiyo ile sinema ikawa kama jamaa wa ukoo. Mama aliisimulia kwenye kila mkutano, kila arusi, kila matanga. Mama mdogo hakuwahi kuiona, lakini aliijua yote kwa masimulizi, mpaka pale pa hodi. Walikuwa wakigombana bado, ndugu ni ndugu, lakini mmoja akipandisha sauti mwingine alikuwa anasema, "Niende kuleta bisibisi?" na yakaishia hapo. Mimi nilisomeshwa na wawili wale. Karo yangu ilitoka kwenye sabuni ya mmoja na githeri ya mwingine. Nikizipima baraka zangu, naanza kuhesabu kutoka benchi la tatu la holi lile.

Basi miaka ikapita kama kumi na miwili hivi. Nikawa karani mjini, najua kupiga taipu na Kiingereza changu kimenyooka. Kulikuwa na mahali pa utamaduni palipokuwa pakionyesha filamu za nje, na siku moja nikaona karatasi ukutani, picha ya mwanamke na mlango mgongoni. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Karatasi ilieleza kwamba mtengenezaji ni mtu mwingine, wa umri mdogo, aliyeipenda ile fupi tangu utotoni akaitengeneza upya kwa namna yake. Nililipa kiingilio, nikaketi, nikatulia.

Nilitoka nimekasirika vibaya sana.

Kwanza, dada hayupo. Hakuna dada! Yule mwanamke ni mjane wa fundi seremala. Mumewe amekufa baada ya kumaliza mlango wa mteja wa mbali, na yeye anaupeleka ili kazi ya mwisho ya marehemu isibaki ukutani. Yote haya yanaelezwa kwa nusu saa nzima kabla hajatia mguu njiani. Ile fupi ilituonyesha mtu anatembea, tukajaza wenyewe. Ile ndefu imekwisha kupanga viti vyake vyote, wewe mtazamaji unaonyeshwa pa kukaa. Pale uwanjani penye hodi, mahali tulipocheka mpaka machozi, huyu anapogonga mlango anamwita marehemu mumewe, na muziki unalia badala yako. Nikajisemea, mtu amechukua chapati yetu akaipaka siagi, jamu na mayai.

Lakini nisiwe mwongo. Kuna vitu ile ndefu inavyo na ile fupi haina. Ina miguu. Katika ile fupi mwanamke anapanda mlima na hachoki, anapanda tu. Katika ile ndefu unaiona miguu yake imepasuka, anaiosha kwenye maji baridi na anafumba macho. Kijito ambacho fupi ilikivuka kwa pumzi mbili, hapa kinamchukua robo saa. Anateleza, mlango unachukuliwa na maji, anaufuata maji yakiwa yamemfika kifuani, anapiga kelele. Nilipoona hapo nikakumbuka shingo ya mama kwenye Barabara ya Ngong. Ile fupi ilimfundisha mama kubeba. Ile ndefu ilikuwa ya kwanza kuniambia ulikuwa mzito kiasi gani.

Kilichoniudhi hasa ni mwisho. Mjane anafika. Nyumba ina mlango. Mteja, bibi kizee, amengoja na kungoja, baridi ikamshinda, akajitengenezea mwingine. Anamkaribisha mjane, anampa supu, anamtazama kwa huruma. Kisha mjane anaubeba mlango wake tena na kushuka nao mlimani, na picha inamwacha mpaka anakuwa nukta. Mwisho. Watu wa mjini wakapiga makofi.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Makina kumtafuta mzee. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini kofia bado nyeupe. Nilimwuliza moja kwa moja, mimi sijui kuzunguka.

"Babu, ile picha ya mlango. Ulijuaje ni dada yake?"

Akacheka taratibu. "Binti yangu, ile picha ilikuwa haina neno. Nilikuwa nimeionyesha mitaa mingi. Mahali pengine nilisema ni mama anampelekea mwanawe. Mahali pengine ni bibi arusi. Siku ile nikamwona mama yako ameketi pale mbele, na mimi kila asubuhi napita kwenye ule mlango wake wenye kunde."

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Nilimfasiria," akasema, wala hakuona haya.

Ningeweza kumkumbatia, lakini yeye ni mzee wa heshima. Nilimshukuru mpaka akaniambia inatosha, nikamwagizia chai.

Shida ikaja kutoka kwa mama mdogo. Alikuwa sasa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao Kawangware, na nilipomdokezea kwamba ile sinema imetengenezwa upya, hakuniacha. Akazungumza na mchungaji, mchungaji akazungumza na watu wa pale mjini, mikanda ya filamu ikaazimwa na projekta ikapatikana. Jumapili alasiri, baada ya ibada. "Na wewe utatufasiria," akaniambia. "Na dada atakuja kutoka Kibera. Nataka tuione pamoja, sinema yetu." Angalia mtego huo! Ningewaambiaje? Sinema yao haina dada. Na mwisho wake ni mwanamke aliyebeba mzigo bure. Mama yangu alikuwa ameijenga nusu ya maisha yake juu ya ile safari, jambo moja alilojivunia kuliko yote, na mimi ndiye wa kumketisha mbele ya kanisa zima aambiwe kwamba ilikuwa hadithi ya mtu mwingine, tena iliyoishia patupu.

Nikaamua kudanganya. Mzee aliweza, kwani mimi nina nini?

Holi la mabati lilijaa, mablanketi madirishani kama enzi zetu. Mama na mdogo wake waliketi mbele kabisa, wameshikana mikono kama wasichana. Nikachukua maikrofoni. Ile nusu saa ya kwanza, ya seremala na kifo chake, niliigeuza yote: yule ni baba yao, amekufa, mabinti wamekosana juu ya mlango. Jasho lilinitoka lakini ilikwenda. Mvua ilikwenda. Kijito kilipochukua mlango akina mama walisimama wakiomba kwa sauti. Uwanjani mama alipiga kelele, "Hodi!" kabla yangu, na holi likaitikia, hata ule muziki wa kilio haukusikika.

Kisha mwanamke akatokea kwenye kilele, na nyumba ile ikaonekana. Mlango mwekundu, mkubwa, umefungwa. Hata kipofu angeuona. Ningesema nini? Nikanyamaza. Mashine ikawa inasaga filamu peke yake.

"Sema, wewe!" mama akaniita. "Mbona umenyamaza?"

Nikasema. "Nyumba ina mlango. Amengojwa mpaka wakachoka, wakaweka mwingine." Nikaendelea hivyo, kweli tupu sasa, neno kwa neno: supu, huruma, mlango kurudi mgongoni. Mwanamke akawa nukta. Mtu akavuta blanketi, mwanga ukaingia, na sikuthubutu kumtazama mama.

Holi lilichemka. "Ati arudi nao? Mlima wote ule?" Mama mmoja mnene wa kwaya alikuwa amekasirika kuliko mimi siku ile mjini. "Huyo bibi hana utu! Amemwona mgeni anakuja kwa mbali. Si angeung'oa ule mwingine, akauficha, mgeni asijue?"

"Mimi niliung'oa," mama mdogo akasema.

Alikuwa analia. Si machozi ya sinema. Alikuwa analia kwa mabega. 

"Dada," akasema, "ilikuwa miezi minane. Nilikuwa na mtoto mchanga. Ulifikiri nililala na gunia miezi minane? Gunia lilikuwa la wiki ya kwanza tu. Mlango niliununua." Akapangusa pua. "Siku ile muuza nyanya alinijia mbio kutoka sokoni. Akaniambia, dada yako ameketi pale juu ya mlango wake, anafunga leso na kuifungua, naona atarudi, hajui atakuambia nini. Nikachukua panga nikazing'oa bawaba. Nikauingiza chini ya kitanda. Gunia nililokuwa nikiwekea makaa nikalimwaga, nikalitundika. Nilikuwa ndio nimemaliza mlipotokea."

Mimi ndiye niliyekuwa na maikrofoni mkononi na sikuwa na la kufasiri. Miaka kumi na miwili, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza. Mtu gani anakaa miezi minane Kawangware, na mtoto, bila mlango? Nilimtazama mama mdogo nikahisi shukrani ambayo mpaka leo sijui pa kuiweka. Nikamshukuru na yule mtengenezaji wa ile ndefu, niliyemtukana njia nzima kutoka mjini, maana bila mwisho wake ule mbaya, siri hii ingezikwa na mwenyewe.

Nikamgeukia mama. Uso wake ulikuwa unafanya mambo mengi kwa pamoja.

"Uko wapi huo mlango?" akauliza mwisho.

"Nilimpa muuza nyanya."

"Ule wa mvule? Wenye kitasa? Ule ninaousifu kila nikipita nyumbani kwake?"

"Huohuo."

"Mlango mzuri namna ile," mama akasema, sauti imekatika, "ukautoa, ukachukua wangu, mbao zimepinda, rangi imebanduka, umenuka kunde. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja umeubeba kichwani, dada," mama mdogo akasema. "Ningekuambia nini?"